Mhusika Aliyeondoka Bila Kuagwa

SWALI: Dada, binti yangu anakesha akichora wahusika wa anime, yaani katuni za Kijapani, na kuwatungia visa vipya. Anavutiwa na nini hasa?

JIBU: Mama, nami nilianza hivyohivyo. Mhusika mmoja wa pembeni aliondoka bila kuagwa. Niliumia mno, nikamchorea kurasa 12 za kwaheri. Shabiki huvutwa na pale hadithi iliponyamaza. Japani vijitabu vya aina hiyo huitwa dojinshi, na soko lake kubwa, Comic Market, lilianza Tokyo Desemba 1975 likiwa na vikundi 32 tu vya watunzi. Siku hizi hufurika watu! Mwombe akuonyeshe michoro yake, kisha umuulize yule aliyesimama pembeni kabisa ni nani.