Usukani ukikukatalia baada ya kuruka Songwe, usikimbilie kugeuza

Mkuu, umeuliza kama usukani ukigoma mara tu baada ya kuruka uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, rubani anageuza hapohapo arudi. Lilishanikuta nikiwa rubani msaidizi kwenye kijeti cha injini mbili, abiria watano nyuma, asubuhi ukungu ndiyo kwanza umeinuka. Hapana, kugeuza kuna zamu yake.

Tuliruka kuelekea magharibi. Magurudumu yameshapanda, kapteni akagusa swichi ya trimu (mtambo wa mkiani unaosawazisha pua ili rubani asishindane na usukani) kwa kidole gumba, akaachia. Gurudumu la trimu pale karibu na goti langu halikusimama. Likaendelea kuzunguka lenyewe, na pua ikaanza kuzama. Kapteni akabonyeza kitufe cha kuikata, wapi, akavuta usukani kwa mikono miwili hadi mishipa ya shingo ikamtoka. "Breka!" Nikaichomoa sakiti breka yake, ile inayokata umeme wa trimu, niliipata upesi kwa sababu ilivalishwa kipete chekundu. Gurudumu likatulia.

Hapohapo kapteni akapunguza moto wa injini. Najua inashangaza, ndege ndiyo kwanza imeacha ardhi. Lakini uzito unaouhisi mikononi unakua kwa mraba wa mwendo: mwendo mara mbili, uzito mara nne. Tena kijeti chenye injini juu ubavuni karibu na mkia, ukipunguza moto pua inajiinua kidogo. Ule usukani ukawa wa kushikika.

Sasa fikiria ungegeuza kabla ya hapo. Kwenye kona, ndege inataka uvute pua zaidi ili isishuke, na mikono yako haina akiba. Songwe iko kama futi 4,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini hazikupi nguvu unazozipata Dar, na kaskazini kuna milima ya Mbeya. Tukaenda moja kwa moja, tukapanda polepole, nikazungusha trimu kwa mkono. Ilirudi, lakini haikufika yote. Ndipo tukaongea na mnara wa kuongozea ndege. (Pua ikipanda badala ya kuzama, laza bawa taratibu, itateremka.)

Jambo ninalolisisitiza kwa moyo wote ni majaribio ya kule juu. Tulishusha magurudumu, tukatoa flapu (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyosaidia ndege kuruka polepole) hatua ya kwanza, tukapunguza mwendo kidogo kidogo mpaka ule wa kutua. Hatua ya pili ya flapu, pua ikataka kuzama tena, kapteni akazirudisha. Bora tulijua tukiwa na nafasi chini yetu, kuliko kujua futi 200 juu ya mahindi ya watu. Tukatua na hatua ya kwanza, mwendo umezidi kidogo, na njia ya kutulia ndege ya Songwe ina zaidi ya kilomita 3, ilitutosha.

Siku hizi kabla ya kuondoka naendesha trimu, nabonyeza kitufe cha kuikata huku gurudumu linazunguka, naliangalia kwa macho mpaka lisimame. Kwenye orodha ya ukaguzi ni mstari mmoja tu, na nimeona wenzangu wakiusoma bila kugusa kitu.