Dar hadi Songwe kwa ndege: hesabu safari nzima

Wengi wanaoniuliza habari za kwenda Mbeya kwa ndege huanza na umbali. Kwa angani, kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, ni kama kilomita 690. Kwa barabara zinapita 800, na basi linakula kutwa nzima. Vikokotoo vya mtandaoni vitakupa dakika hamsini na kitu. Tafadhali usipange miadi kwa jibu hilo.

Kikokotoo hugawa kilomita kwa mwendo wa jeti iliyokwisha tulia juu, kama kilomita 800 kwa saa. Kupanda, kushuka na kusubiri zamu ya kuruka havimo. Na kama umepangiwa pangaboi, yaani ndege ya propela, Q400 huenda kama kilomita 650 kwa saa, ATR kama 500. Kwa hiyo tazama aina ya ndege kabla ya kulipa, kisha uamini muda wa kwenye ratiba, maana huo huanzia ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inaposimama.

Lakini saa nyingi huliwa ardhini. Tangu mwishoni mwa 2012 ndege haziteremki tena kwenye uwanja wa zamani uliokuwa mjini. Songwe iko zaidi ya kilomita 20 nje ya jiji, upande wa Tunduma, kwenye barabara ileile ya malori ya Zambia na Kongo. Kwetu ni Tukuyu: nipite Mbalizi, nipite mjini, nifike Uyole ndipo nikate kulia kwenda nyumbani. Tangu kushuka ndege mpaka mlangoni kwa mama naweka saa tatu, na Mbalizi pakikwama zinazidi. Anayekwenda Vwawa au Tunduma asidanganywe kurudi mjini kwanza. Gari lake analipatia barabara kuu, upande wa pili.

Halafu kuna ukungu. Uwanja uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, karibu na milima. Nimekuwa ndani ya ndege iliyozunguka juu ya Mbeya, jua linawaka dirishani, chini kumefunikwa kabisa, mpaka rubani akatangaza kwamba tunarudi Dar. Nyuma yangu alikaa mama mmoja aliyekuwa anawahi mazishi. Alikuwa ameshika simu iliyozimwa, anamuuliza mhudumu kama atampigia nani.

Tangu hapo, kwa msiba, usaili au kesi ya mahakamani nasafiri siku moja kabla. Safari ya kawaida naikatia ndege ya mchana, ukungu ukiwa umekwisha kuachia. Anayekuja kunipokea namwomba asitoke nyumbani mpaka nimtumie ujumbe kwamba tumeshakaa kwenye viti Dar na milango inafungwa. Kutoka Tukuyu huenda nikamsubiri kidogo, lakini ndege ikichelewa kuruka hatalipia maegesho bure.