Keki ya chokoleti inayokauka siku ya pili

Dada yangu wa Mikindani, nimekuelewa: unaoka Ijumaa jioni, Jumapili wateja wanalalamika keki inakwama kooni. Nami huoka nyumbani hapa Mtwara mjini, na hilo lilinisumbua muda mrefu.

Anza na mafuta. Siagi huganda keki ikipoa sana, ndiyo maana mdomoni inaonekana kavu. Mafuta ya alizeti hubaki majimaji. Badili angalau nusu. Kakao nayo hunywa maji sana, kwa hiyo ikoroge kwanza na maji ya moto mpaka iwe uji mzito, iache ipoe, ndipo uchanganye. Sukari usiipunguze ovyo, ndiyo inayoshika unyevu.

Lakini kosa kubwa ni moto. Kama unaokea mkaa juu na chini, chomeka kijiti mapema. Kikitoka na chembechembe laini, ipua. Ukingoja kitoke kikavu kabisa, umeshachelewa.

Ikiwa bado vuguvugu, ipake shira nyepesi: sukari na maji kiasi sawa, vilivyochemshwa. Ikishapoa kabisa ifunge nailoni ya chakula mara mbili. Usiifunge ya moto, mvuke utaleta ukungu. Na usiiweke friji ukidhani unaisaidia, huko ndiko hukauka haraka; igandishe kwenye friza.

Ila keki yenye krimu au tui la nazi isilale nje kwa joto letu hili, hiyo lazima iingie friji. Ukiona ukungu, itupe yote, usikate kipande kilichooza ukauza kilichobaki.