Mwanangu, umeniuliza uache kriketi ama sheria

Asalaam aleykum mwanangu. Meseji yako niliiona juzi usiku nikasema hii siijibu kwa simu, ngoja nitulie niandike. Waniuliza, mama, timu Nairobi yanitaka nicheze msimu mzima, na chuo nacho kimenipa nafasi ya masters ya sheria huku nikisaidia kufundisha, sa niache kipi? Babako keshakujibu ati huo mpira wa kriketi ni mchezo wa watoto. Bas, mi sikubaliani naye, na nimeshamwambia.

Learie Constantine, yule mcheza kriketi aliyekuja kuwa wakili, wamjua, ama waijua ile kesi yake ya hoteli iliyombagua, maana mwaka wa pili ulinisomea hapa barazani mpaka chai ikapoa. Lakini kesi si mtu. Huyu kazaliwa Trinidad 1901, babake Lebrun alikuwa msimamizi wa shamba la kakao na mchezaji hasa, ndo wa kwanza kutoka West Indies, vile visiwa vya Karibi, kupiga mikimbio mia moja Uingereza, pale uwanja wa Lord's, London, mwaka 1900. Na wasimulia kwamba siku timu inasafiri Lebrun hakuwa na pesa, kabaki mjini na meli imeshang'oa nanga, watu wakachanga haraka haraka wakamtia kwenye mashua ikaifukuza meli mpaka wakaipata. Sijui baharini hali ilikuwaje siku hiyo, lakini mashua kuifukuza meli, wewe wa Malindi sina haja ya kukueleza.

Learie mwenyewe kazi yake ya mwanzo ilikuwa ukarani kwa wakili, Port of Spain. Hapo ndo nampendea, maana na mi nimezeekea kwenye mafaili ya korti hapa mjini na najua karani huiona sheria ikipita mbele yake kila siku, jalada hili laenda lile larudi, wala hakuna anayemuuliza wewe waonaje. Kijana mweusi asiye na pesa, enzi za ukoloni, angefikia vipi uwakili? Angekufa karani. Kilichomtoa ni mpira. 1928 yeye na timu ya West Indies walikwenda Uingereza, mechi na timu ya Middlesex akapiga mikimbio 86, akaangusha wiketi 7, yaani kawatoa wapigaji 7, kwa kufungwa mikimbio 57 tu, halafu akarudi kupiga tena akafanya 103 kwa kama saa moja hivi, mechi watu wameshaihesabu imepotea wakashinda. Mwaka uliofuata klabu ya Nelson, mji wa viwanda vya pamba huko Lancashire, wakamwajiri kwa mshahara mzuri, akakaa nao mpaka 1937 na kwenye misimu hiyo 9 wakachukua ubingwa mara 7. Na huko huko Nelson ndo akaanza kusoma sheria. Mpira ndo uliokuwa ukimlipia nyumba na chakula akifungua vile vitabu.

Hiyo hoteli ya London sikurudishii yote, ilikuwa 1943, ashalipa arbuni yake, yuko na mke na mtoto, aambiwa usiku mmoja tu kisha waondoke, sababu rangi yao. Wewe ndo ulinieleza kwamba Uingereza wakati huo hakukuwa na sheria yoyote ya kukataza ubaguzi, ikabidi washike ile kanuni ya kale ya mwenye nyumba ya wageni kutomkataa msafiri bila sababu ya maana. Jaji Birkett akampa haki yake 1944, fidia gini 5, hesabu ya zamani ya Waingereza, pauni 5 na shilingi 5. Gini 5! Ulikasirika siku hiyo kama uliyenyimwa wewe.

Sa hesabu miaka. Uwakili wenyewe kaupata 1954, ashapita hamsini. Baadaye akawa waziri kwao, akawa balozi London, 1963 akasimama na watu weusi wa mji wa Bristol, Uingereza, walipokuwa wananyimwa kazi kwenye mabasi, 1966 akaingia kwenye bodi ya kusimamia sheria mpya ya kupinga ubaguzi, 1967 wanafunzi wa chuo kikuu cha St Andrews kule Uskoti wakamchagua kuwa rekta wao, wa kuwasemea chuoni. Yote hayo mpira kashauweka chini zamani. Lakini ile 103 angejaribu kuipiga na miaka hamsini, ungeiona?

Kwa hivyo jibu langu ni ucheze. Masters utaisoma hata na miaka arobaini na watoto wako wawili, utasumbuka lakini utaisoma. Lakini ule mkono wa kushoto, unavyouvunja kidogo pale kwenye kifundo cha mkono, mpira watua mchanga mgumu wa maji kupwa halafu wamkata kona yule mpigaji mwenye upongoo wa mnazi anabaki apiga hewa, huo hautakungoja. Babako pia aujua mkono huo, mara ngapi nimemuona kasimama ukutani ajifanya asubiri mtu.

Ila usichanganye mambo. Nelson walimlipa Learie, wewe hapa hulipwi. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 na kufika 2014 hata hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja ikatutoka, na hao walikuwa wanaume, sembuse kriketi ya wasichana. Kwa hivyo usiitupe nafasi ya chuo. Nenda ofisini kwao, si kwa simu, uwaombe kwa barua wakushikilie mwaka mmoja, na nakala yako wakupigie muhuri. Wakikataa uliza masomo ya jioni, ucheze wikendi. Huo msimu mmoja mi nitakusaidia kodi ya nyumba, ya viatu mtajuana na babako.

Barua ukishaiandika nitumie niisome kabla hujaipeleka, wewe huandika marefu.