Mdomo wa mgonjwa asiyekula

"Sista, baba hajatia kitu mdomoni leo siku ya nne. Harufu hii inatoka wapi?"

Binti mmoja aliniuliza hivyo nikiwa nimeshika faili, na sikuwa na jibu. Baba yake alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kulia umelegea, kumeza hawezi, tunamlisha kwa mpira wa puani. Nikachukua tochi, nikalivuta shavu la kulia taratibu. Ndani kulikuwa na kidonge kilichoyeyuka nusu, kimegandamana na mabaki ya chakula kama gundi. Bila shaka alikuwa nacho tangu siku anaingia, kabla hatujampima kama anaweza kumeza. Juu, kaakaa limefunikwa na ukoko wa mate makavu. Siku zote hizo tulibadilisha shuka, tukamgeuza, tukampima presha kila zamu. Kinywa hakuna aliyekifungua, mimi nikiwemo.

Tulijidanganya kwamba asiyekula hachafuki kinywa. Kumbe kutafuna na kumeza ndiko kunakokisafisha. Mtu asipotafuna, mate hupungua. Akihemea mdomo na kuwekewa oksijeni, kinazidi kukauka, na bakteria wanajaa kwenye meno na ulimi. Kisha mate hayohayo machafu, kwa kuwa koo halifanyi kazi sawasawa, yanateleza kwenda mapafuni. Wapo ambao hata hawakohoi yakipita. Unakuja kushtuka mgonjwa ana homa na anahema harakaharaka, tayari ni nimonia. Mpira wa puani haumkingi, maana mate yake mwenyewe hayapiti humo.

Kwa hiyo sasa, kwa mgonjwa wa kiharusi, naanza na mkao. Mkalishe, kichwa kiinamie mbele kidogo. Asipoweza kukaa, mlaze kwa ubavu ili maji yatoke nje yenyewe. Kumpiga mswaki amelala chali ni kummiminia uchafu kooni. Mashine ya kunyonya mate iwe karibu, na uiwashe kwanza uone kama inavuta. Nimewahi kuikimbilia mgonjwa akipaliwa nikakuta mpira wake haujaunganishwa.

Tumia mswaki mdogo wenye nywele laini. Uchovye majini, ukung'ute. Dawa ya meno paka kidogo sana, na kama ipo isiyotoa povu ni bora zaidi, kwa sababu povu ni kitu kingine cha kumeza kwa mtu asiyeweza kumeza. Asiyeweza kutema usimpe maji ya kusukutua. Futa kwa shashi yenye unyevu, nyonya, endelea. Meno, fizi, ulimi, kaakaa, halafu lile shavu lililolegea. Hapo usiharakishe. Mgonjwa hahisi kitu kikikaa upande huo na ulimi wake haufiki kukitoa, hivyo tochi ipite kabla ya mswaki na baada yake. Ukiona utando mweupe unaotoka damu ukiufuta, huenda ni fangasi; mwambie daktari, usiendelee kusugua.

Vidole vyako visikae kati ya meno yake. Wagonjwa wengine huuma bila kukusudia, kinywa kikiguswa tu taya linajifunga. Mimi niliumwa kidole cha shahada nikafikiri ni ubishi, nikamfokea mtu asiyeweza hata kunijibu. Bado naona aibu. Akiuma mswaki usiuvute. Subiri, mpapase taya, ataachia.

Kuhusu dawa, zile pamba zenye limau na gliserini ziacheni. Zinaonekana kulainisha, lakini baadaye kinywa hukauka zaidi na asidi inakula meno. Klorheksidini, dawa ya kuua bakteria wa kinywani, itumike daktari akiiandika, na isifuate dawa ya meno papo hapo, kwani dawa ya meno huipunguzia nguvu. Acha kama nusu saa ipite. Wala haichukui nafasi ya mswaki. Utando wa kwenye meno hautoki kwa kupakwa dawa, hutoka kwa kusuguliwa.

Meno bandia yatolewe, yasuguliwe, na usiku yakae kwenye maji ndani ya chombo chenye jina lake. Yakipotea wodini, mgonjwa atakapoanza kula atapata taabu upya.

Mswaki mara mbili kwa siku ni kiwango cha chini. Kwa asiyekula kabisa, mimi hulowesha kinywa na midomo kila ninapokwenda kumgeuza, maana hapo tayari niko kitandani kwake. Ukisubiri upate nafasi, zamu inaisha.

Na mwambie unachotaka kufanya, hata kama kiharusi kimemchukua maneno. Simama anapokuona, mwonyeshe mswaki kwanza. Akiwa na mkono mzima, mshikishe, wewe ushike juu ya mkono wake muende pamoja. Yule mzee siku ya kwanza alikuwa anageuza uso ukutani kila nikikaribia. Nilipomwachia mswaki mkononi, wa kushoto ambao hakuuzoea, alisugua mashavu zaidi ya meno, dawa ikapakaa hadi kidevuni. Binti yake akainuka na taulo amfutie. Mzee akausogeza mkono wake pembeni, akaendelea.