Barua zilizoshonwa: kwako unayetaka kuandika riwaya ya kihistoria

Msomaji wangu wa Nyegezi ameniandikia: "Dada, nataka kuandika riwaya kuhusu mapenzi ya mwandishi mashuhuri. Nianzie wapi?" Najua wengi wenu mna ndoto hiyo hiyo, kwa hiyo nawajibu wote.

Riwaya yangu inamhusu Charlotte Brontë, mwandishi Mwingereza aliyekwenda Brussels, Ubelgiji, mwaka 1842 kusoma Kifaransa, akampenda mwalimu wake, Constantin Heger, mume wa mtu. Aliporudi kwao 1844 akawa anamwandikia. Barua nne zimebaki. Tatu zilichanwa, lakini mke wa Heger, Zoë, aliokota vipande akaviunga tena, vingine kwa uzi. Gazeti lilizichapisha 1913, Charlotte mwenyewe akiwa amefariki tangu 1855.

Kwa hiyo shika kitu mkononi kwanza. Mimi niliandika barua, nikaichana, nikakaa mezani na sindano na uzi mweupe wa Makoroboi. Ukivuta kwa nguvu, tundu lililotobolewa na sindano kwenye karatasi linapasuka na kipande kinakutoka. Lazima uende taratibu, ukilinganisha neno lililokatika na mwenzake, na hapo huna budi kusoma kila mstari. Usiku ule nilimwelewa Zoë kuliko nilivyomwelewa vitabuni.

Mchapishaji mmoja aliniambia hakuna mtu Mwanza atakayemsoma Mzungu wa karne ya 19. Bado inaniuma. Binti wa mchungaji, aliyemuuguza baba yake alipopasuliwa jicho, aliyewazika wadogo zake, aliyechapisha kwa jina la Currer Bell ili asijulikane kuwa ni mwanamke: mambo hayo dada zetu wa Igoma hawayajui? Ndugu zangu, msikubali kuchaguliwa mtu wa kumwandika. Na mkishamchagua, mheshimuni. Tarehe zake msiziguse, wala msimzulie vitanda ambavyo hakulala. Shikeni vitu vyake, narudia, shikeni vitu.

Juzi niliwasomea sura ya kushona akina mama wauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mimi nilikuwa nimemwandika Zoë akishona kwa huruma. Mama mmoja akanikatiza: "Huruma gani, mwanangu? Huyo alikuwa anatunza ushahidi." Wenzake wakaitikia kwa pamoja. Sura hiyo naiandika upya sasa, na safari hii Zoë anafunga mlango kwanza.