Mbona kwenye michezo yetu ya jukwaani askari tu ndo anaongea Kiswahili?

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi, na nusu yake zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechukua tano tu. Mliokosa nafasi mnisamehe, sijawatupa.

Mzee, salamu. Huwa unasema unaandika daftari la thieta na sanaa kila siku. Kweli kila siku? Na siku hamna shoo unaandika nini? (Mwanafunzi, Makerere)

Kila siku bana, na siku ambayo hamna shoo ndo naandika vizuri. Jumatatu iliyopita sikuangalia chochote, nilikuwa napita tu pale National Theatre hapa Kampala nikasimama kuangalia ule ukuta wa mbele wa zege wenye matundu matundu, jengo la 1959 hilo, limefunguliwa miaka mitatu kabla ya uhuru, nimepita hapo maisha yangu yote na siku hiyo ndo nikajiuliza waliolijenga walidhani nani atakaa ndani. Sehemu nyingine nilikaa nikapiga stori na mlinzi wa ukumbi mmoja mdogo. Huyu mtu anajua mistari ya kila mchezo uliopita pale kwa kusikiliza mlangoni tu, miaka yote, hajawahi kukaa kwenye kiti hata mara moja. Hiyo ilinipa kurasa mbili.

Sheria yangu ni moja, naandika usiku uleule kabla sijalala, manake ikifika asubuhi nishasikia maoni ya wenzangu na sijui tena yapi ni yangu. Tatizo ni giza la ukumbini, herufi zinapandana. Juzi nimesoma "mfalme anakunywa" nikashangaa mfalme gani huyo, kumbe niliandika "mfalme anaungua".

Kaka, mi ni mtu wa Arua, nauza vitenge. Kwetu Kiswahili ndo cha kuombea chumvi, cha kutongozea, cha kulilia matangani. Nikija Kampala nikaingia thieta, Kiswahili kikisikika stejini basi ujue ameingia mwanajeshi mlevi wa kupiga watu, na ukumbi wote unacheka. Kwani sisi wengine hatupo? (Msomaji, Arua)

Kaka yangu, hili swali limenikalia vibaya wiki nzima. Nilirudi kwenye madaftari yangu nikahesabu, na kweli, michezo ya Kiganda niliyoangalia na kuandika, Kiswahili kikitokea karibu kila mara kinatokea na bunduki. "Wewe! Kuja hapa! Kaa chini! Toa kitambulisho!" Watu wanaanguka kwa kicheko. Mi mwenyewe nimecheka, siwezi kukuficha.

Lakini kuna siku moja nilikaa karibu na mzee mmoja, suti ya zamani, kofia mkononi. Askari akaingia stejini akapiga kelele ile ya kwake, watu kwaa kwaa, na yule mzee nikamwona mkono wake unaenda mfukoni. Alikuwa anatafuta kitambulisho. Sekunde moja tu, alafu akajikumbuka akaurudisha mkono gotini, akaniangalia kama mtu aliyekamatwa. Hatukuongea.

Ndo maana sikubaliani na wanaosema kile kicheko ni dharau kwa Kiswahili, basi. Mwanzo kilikuwa pumzi. Wazee wa Kampala wanakumbuka panda gari ya mwanzo wa miaka ya 80, lori la jeshi linasimama, mtaa unazungukwa, watu wanapandishwa kama magunia, na mpaka leo hata mtu anayeongea Kiganda kitupu anaiita hivyohivyo "panda gari", hajaitafsiri. Kabla ya hapo Rais Idi Amin alishakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, 1973, kwa amri, na lugha ikija kwa amri ya mtu kama yule unategemea watu waipende vipi? Rudi nyuma tena, mwisho wa miaka ya 1920, Gavana wa Kiingereza, Gowers, akataka Kiswahili mashuleni na maofisini, Daudi Chwa, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, akapinga, watu wa Buganda waliona ni mlango wa kuunganishwa na Kenya ya masetla. Kwa hiyo kila mara lugha hii ikigonga mlango wa Buganda imeshikwa mkono na mwenye nguvu. Mwandishi wa michezo akitaka mwenye nguvu stejini, sauti yake iko tayari, hahitaji hata kufikiria.

Na hapo kwenye "hahitaji hata kufikiria" ndo ugomvi wangu ulipo. Aliyeandika hivyo mwaka 1987 alikuwa anatoa kitu kifuani. Anayeandika hivyo leo, kijana aliyezaliwa baada ya 2000, anakopa tu kicheko cha babu yake.

Manake historia yenyewe iko pana kuliko lile lori. Kiswahili kilifika ikulu ya Buganda karne ya 19 na wafanyabiashara wa pwani, na Kabaka Muteesa wa Kwanza alikijua, Stanley, yule mzungu mvumbuzi, alipofika 1875 alimkuta mfalme anayekiongea mwenyewe. Yaani kabla hakijawa lugha ya kambi za jeshi kilikuwa lugha ya baraza, ya vitabu, ya mtu anayetaka kujua dunia inaendaje. Sijawahi kuona mtu anaiweka hiyo stejini! Kabaka anajadiliana dini na wageni kwa Kiswahili, hebu fikiria, mavazi tu yangejaza ukumbi. Alafu 1979, wanajeshi wa Tanzania wanaingia Kampala mwezi wa nne, wanaongea Kiswahili, na watu wanawaita bakombozi, wanawakimbilia badala ya kuwakimbia. Walau wiki zile za mwanzo. Hiyo nayo iko wapi kwenye michezo yetu?

Kuna kitu kingine kinanichekesha kila Jumapili. Wakati wa mapumziko hao hao waliokuwa wanamcheka askari wanatoka nje kununua muchomo, wanaangalia ssaawa, wengine wamekuja na ekitabo mkononi. Muchomo ni nini kama si nyama ya kuchoma? Nusu ya mapumziko inaongewa Kiswahili na hakuna anayejua.

Kwa hiyo mpo kaka, mpo sana, Arua, Bombo, Busia, Bweyale, Kisenyi palepale katikati ya mji. Ila stejini bado hamjaandikwa. Na usitegemee serikali ikuandike. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kwenye katiba tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe mashuleni, sawa, vizuri, lakini sijawahi kuona waraka ulioandika mchezo mzuri.

Mwalimu, eti Byron Kawadwa aliuawa kwa sababu ya mchezo? Baba alikuwa anatuambia, nikadhani anatia chumvi. (Msomaji, Masaka)

Baba hakutia chumvi dada yangu. Kawadwa alikuwa kiongozi wa National Theatre na kundi lake la Kampala City Players, na mchezo wenyewe ni Oluyimba lwa Wankoko, yaani wimbo wa jogoo, mchezo wa nyimbo, muziki wake wa Wassanyi Serukenya. Enkoko ni kuku, sasa ukisikia jogoo anawika kwenye mchezo wa mambo ya utawala wenye masikio wanasikia. Mwanzo wa 1977 waliupeleka Lagos kwenye FESTAC, lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Waliporudi, haikupita muda, watu wa Amin wakamchukua palepale kazini kwake thieta wakamuua. Mwaka huohuo ndo aliuawa pia Askofu Mkuu Janani Luwum wa Anglikana.

Swali linaloniumiza zaidi ni hili, walionusurika walinusurika vipi? Mwangalie Robert Serumaga, mwandishi wa michezo wa enzi hiyohiyo. Alianza na michezo ya maneno mengi ya Kiingereza, kadiri mambo yalivyokuwa mabaya maneno yakapungua, Renga Moi ya 1972 imejaa ngoma na miili na lugha zetu kadhaa kwa mpigo, na akafika 1974 na Amayirikiti, maneno hamna. Mwili tu. Watu wa usalama wamekaa safu ya mbele, wataandika nini kwenye ripoti? "Mtu alianguka, akainuka"? Watu wa nje waliisifu kama usanii wa kisasa, na ni kweli, lakini mi nikisoma habari za ile kazi naona mtu anayetafuta njia ya kuongea bila kuacha ushahidi. Baadaye aliingia kwenye harakati za kumng'oa Amin, akawa waziri 1979, akafariki mwaka uliofuata.

Fumbo la Kawadwa lilikuwa na maneno, la Serumaga halikuwa nayo. Nimeandika hivyo kwenye daftari nikaishia hapo, sijui kama nimefanya haki kwa yeyote kati yao.

Kwa nini shoo ya saa tisa inaanza saa kumi na nusu? (Msomaji aliyechoka, Ntinda)

Kwa sababu wewe mwenyewe ungefika saa kumi. Nenda na kikomando chako, ile chapati ya maharage, kula polepole.

Mzee wangu, mi ni binti wa Busia, nimeandika mchezo wangu wa kwanza, wa mama anayevusha nyanya na mayai mpakani, na wote wanaongea Kiswahili kwa sababu ndo tunavyoongea. Mkurugenzi mmoja Kampala ameusoma akaupenda, alafu akasema nibadilishe mama aongee Kiganda, Kiswahili nimwachie polisi wa mpakani. Nifanyeje? (Msomaji, Busia)

Usibadilishe binti yangu. Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu jikoni, manake umemaliza kazi yangu ya juu huko kwa sentensi mbili.

Sikatai hofu ya mkurugenzi. Ana kodi ya ukumbi, anajua watu wake wa Jumapili, na mchezo mzima wa Kiswahili Kampala ni kamari. Lakini mwambie si jambo geni hata hapa. Makerere walikuwa na thieta ya kutembea, 1965 wakaanza kuzunguka Uganda na Kenya bila kiingilio, wanacheza sokoni na viwanjani kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Na aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari, toleo la kwanza 1963, ni Nyerere, mtu aliyesomea ualimu hapahapa Makerere. Ukipata Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969, isome polepole, angalia anavyowapa wakulima wa vita vya Maji Maji lugha yenye uzito bila kuwafanya waongee kama magazeti. Usiige lakini. Kiswahili chako ni cha Busia, kina Kisamia ndani, kina Kiganda, kina hesabu za pesa za nchi mbili, kiache hivyohivyo, mtu wa Dar akikisahihisha mwambie asante uendelee.

Ushauri wangu wa kazi ni huu. Kabla hujarudi Kampala, usome mchezo kwa sauti hapo mpakani, mbele ya wanawake wanaovusha mayai kweli, uangalie wanacheka wapi. Wakicheka pale ambapo hukutegemea, weka alama. Wakinyamaza, weka alama mbili. Na polisi wako mpe Kiganda kizuri, cha adabu, cha "nnyabo" na "bambi", alafu achukue mayai yote. Uone ukumbi wa Kampala utacheka nini hapo.

Nitumie kurasa kumi za kwanza. Ila tafadhali, bunduki isiingie kabla ya ukurasa wa tano.